Gari Lisilolala

"Saa nane kamili, Shida. Si saa nane na dakika moja."

Mkuu wa kituo alisema hivyo bila kuinua macho kwenye karatasi zake. Mbele yake lilikuwa jalada la Hussein, fundi umeme wa magari kutoka Rau, aliyekamatwa jana yake mchana kwa tuhuma ya kuiba betri. Saa nane mchana angepandishwa kwenye gari la polisi kwenda mahakamani.

"Nimekuelewa, afande," alisema Inspekta Shida. "Nipe hizo saa sita zilizobaki."

"Unazo. Lakini unahangaika na nini? Betri nne zimekutwa chini ya kitanda chake."

"Hicho hasa ndicho kinachonihangaisha. Mtu ana akili ya kufungua betri ya gari, halafu anakosa akili ya kuificha?"

Shida alipiga saluti akatoka.

Pale mahabusu alimkuta Hussein amekaa sakafuni, amevaa sweta la bluu lisilo lake. Lilikuwa la konstebo wa zamu ya usiku. Baridi ya Juni si ya mchezo, na konstebo yule alikuwa amekesha kwenye kaunta na shati tupu. Shida aliliona, akalitia akilini.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekunywa chai. Afande, mimi sijaiba."

"Hilo sijakuuliza. Nakuuliza, kasha la betri la lile gari ulilifungua lini?"

"Sikulifungua kamwe. Nililifunga. Siku gari linatoka karakana niliweka lakiri, ile ya kuonyesha kwamba halijafunguliwa, Hellen mhandisi wetu anaona. Wiki iliyopita nilibadilisha breki tu, kasha sikuligusa."

"Na zile nne za chini ya kitanda?"

"Nilinunua Holili, kwa muuza vyuma chakavu. Zimetoka kwenye pikipiki ya umeme iliyogongwa. Nilitaka kumfungia jirani yangu taa. Mtoto wake anasoma kwa koroboi, macho yanamwasha."

"Uliyasema hayo jana, nikaenda Holili jioni. Yule mzee anakukumbuka. Anasema ulibishana naye bei mpaka uji wake ukapoa."

Hussein alicheka kidogo, kisha uso ukarudi chini. "Afande, fundi akishaitwa mwizi, nani atampa gari lake tena? Hata wakiniachia mwakani, mjini hapa nitakuwa yule aliyekula betri."

Shida alimtazama mikono. Ilikuwa mikono ya kazi, yenye makovu madogo ya nyaya. Aliondoka bila kumwahidi kitu, maana hakuwa na tabia ya kuahidi kabla ya kujua.

Gari lenyewe lilikuwa uani, nyuma ya kituo, limezungushiwa utepe. Ni gari dogo la umeme la magurudumu matatu, jeupe, lenye sanduku la bati nyuma la kubebea maziwa. Kila jioni lilipanda Uru, mlimani, likiwa tupu, likalala kwa dereva wake, na alfajiri likapita vijijini kukusanya maziwa ya akina mama na kushuka nayo mjini. Jumatatu lilizimika mlimani na lita mia mbili ndani. Maziwa yote yalichacha, na akina mama walikuwa wameshaanza kusema bora warudi kwenye punda.

Watu wawili walikuwa wanamsubiri. Mmoja ni Godbless, mwenye karakana iliyolitengeneza gari, mwanamume wa miaka arobaini, koti limenyooshwa, viatu vinang'aa. Mwingine ni Hellen, mhandisi wake, msichana mwembamba aliyekumbatia kompyuta kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Inspekta, hii kesi mbona rahisi," alianza Godbless. "Hellen, mwonyeshe modeli."

"Nionyeshe, lakini taratibu," alisema Shida. "Nielezee kama unavyomwelezea mama yako."

Hellen alifungua kompyuta juu ya boneti. "Kabla hatujatengeneza gari, mama, tunalichora humu. Si kwa sura tu. Gari hili lina kompyuta ndogo saba. Moja ya betri, moja ya mota, moja ya milango, na kadhalika. Kila moja inakula umeme. Ikiwa macho inakula mwingi, ikilala inakula kiduchu. Tunaandika humu kila moja inakula kiasi gani, halafu tunaliendesha gari humuhumu kwenye mchoro. Mlima, mvua, mzigo, baridi. Tunaona umeme utatosha au hautatosha kabla hatujakata hata bati moja."

"Na ulipima mara ngapi?"

"Safari mia nne na kumi na mbili, mama."

"Na mwezi mzima gari lilifuata modeli kama kivuli," alidakia Godbless. "Betri ikijaa ina uniti sita, uniti zilezile tunazonunua za nyumbani. Likifika kwa dereva jioni lina asilimia themanini. Modeli inasema likilala kwa muda wa saa tisa linapoteza asilimia moja tu. Ilikuwa hivyohivyo. Wiki iliyopita Hussein akabadilisha breki. Tangu hapo jioni themanini, alfajiri arobaini na nne. Siku nne limejikongoja likafika. Jumatatu likazimika. Modeli haijabadilika, kwa hiyo betri ndiyo iliyobadilishwa. Katoa nzima, kaweka mbovu."

"Kwa nini hamkufungua kasha mkaangalia?"

"Tukikata lakiri sisi, kiwanda kinakataa dhamana yake. Mtaalamu wao anakuja baada ya wiki tatu."

"Na lakiri ni nzima?"

"Aliyeweka ya kwanza anaweza kuweka ya pili."

Jibu lilikuwa tayari mno, lakini halikuwa la uongo. Shida alizunguka gari polepole, mikono nyuma. Alitazama matairi, akainama chini ya kasha, akatazama kioo kidogo cha mbele ya usukani.

"Hapa pameandikwa sitini na moja."

"Ndiyo," alisema Hellen. "Tulilichaji kidogo Jumatatu ili lifike kituoni."

"Lilipofika lilikuwa na ngapi?"

Hellen alifungua daftari lake. Kidole chake kilisimama kwenye mstari mmoja, kikakaa hapo. "Sitini na moja."

"Leo ni Jumatano. Limelala hapa Jumatatu, likalala Jumanne. Betri mbovu inayopoteza asilimia thelathini na sita kwa usiku mmoja, hapa kituoni imepoteza nini?"

Konstebo aliyekuwa anafagia uani alisimamisha ufagio.

"Labda mbovu zinavuja zikishapanda mlima," alisema Godbless. "Zikipata moto."

"Labda," alisema Shida. "Au betri ni nzima, na kuna kitu Uru kinachoinyonya."

Alikuwa amefika nyuma ya gari. Mlango wa sanduku la maziwa ulikuwa mzito, na ukingo wake wote ulikuwa na mpira mweusi. Sehemu moja, karibu na kitasa, mpira ulikuwa umebonyea upana wa vidole vitatu. Juu yake palikuwa na doa la kahawia lililogandamana. Alilikwangua kwa ukucha. Halikutoka.

"Matope tu hayo," alisema Godbless.

Shida alinusa ukucha wake. Alizaliwa mjini, lakini mama yake aliuza ndizi miaka ishirini, na hakuna gauni la mama yake ambalo halikuwa na doa kama hilo. Matope huoshwa. Utomvu wa mgomba hautoki hata kwa sabuni ya mche.

"Hellen, beba kompyuta yako," alisema. "Tunapanda Uru."

Dereva, mzee Eliezeri, alikuwa kihambani kwake, shamba la nyumbani, anamkatia ng'ombe majani. Migomba ilikuwa imesongamana juu ya kahawa, na ukungu ulikuwa bado haujaondoka. Aliposikia "Shikamoo, mzee," kutoka kwa mtu mwenye nyota begani alitupa panga chini kwa hofu.

"Marahaba, marahaba. Mmenifuata mimi?"

"Tumelifuata gari lako, mzee. Linalala wapi?"

Aliwaonyesha. Palikuwa na kibanda cha bati pembeni ya zizi, na njia ya miguu iliyopita nyuma yake kwenda kwa majirani. Hapakuwa na waya wowote wa umeme karibu. Shida aliangalia chini, juu, nyuma ya zizi. Kama kuna mtu aliyekuwa anachota umeme wa gari usiku, alikuwa hajaacha hata alama ya kucha.

"Ukifika jioni unafanya nini? Usiruke kitu."

"Nazima. Nashuka. Nafunga mlango wangu. Naenda kula."

"Na mlango wa nyuma?"

Mzee Eliezeri alijikuna shingo. "Huo nauegesha."

"Unauegesha vipi?"

"Nakata gamba bichi la mgomba, nalikunja, nalibana pale kwenye kitasa. Hivi." Alichomoa gamba kwenye mgomba uliokuwa karibu, akalikunja mara tatu. Lilikuwa na upana wa vidole vitatu, na utomvu ulimchuruzika kiganjani. "Mlango unakaa kama umefungwa, lakini haujafunga. Ukiusukuma kidogo tu unafunguka."

Hellen aliweka kompyuta chini kwenye nyasi zenye umande.

"Tangu lini, mzee?" aliuliza, sauti imepungua.

"Tangu baridi ianze. Wiki iliyopita hivi. Ni kwa ajili ya Bibi Elisifa, yule wa bondeni. Anakamua mapema kuliko wote. Saa kumi anapita hapa na ndoo yake. Zamani alikuwa anafungua mwenyewe, lakini baridi hii vidole vyake vinakakamaa, kitasa kinamshinda. Ingebidi aniamshe. Naye hataki kuniamsha, anasema mzee kama mimi nahitaji kulala. Siku moja nimemkuta amesimama gizani na ndoo kichwani, anasubiri niamke mwenyewe. Nikaona aibu. Basi nauegesha, anaweka ndoo yake, anarudi zake polepole."

"Na taa ya ndani?" aliuliza Hellen. "Mlango ukiwa wazi taa inawaka. Hukuiona?"

"Niliiona! Ilimwamsha jogoo saa nane ya usiku. Jogoo akaamsha mtaa. Nikaibandika plasta nyeusi."

"Mbona hukusema haya kwa bosi wako?" aliuliza Shida.

"Aliniuliza kama Hussein aliligusa gari. Nikasema ndiyo, alibadilisha breki. Mlango hakuniuliza."

Shida alimgeukia Hellen. Msichana alikuwa amepiga magoti, vidole vinakimbia kwenye kompyuta.

"Ongea, binti."

"Mlango ukiwa wazi, kompyuta ya milango inadhani dereva anarudi sasa hivi. Hailali. Na ikiwa macho yenyewe, haiwaachi wenzake sita walale. Wote wanakesha wanamsubiri. Na pampu ya kupoza inazunguka, na feni ya sanduku inazunguka."

"Kama nyumba inayomsubiri mtoto aliyechelewa."

"Ndiyo hivyo, mama. Hakuna anayezima taa." Hellen alifuta macho kwa mkono wa sweta. "Safari mia nne na kumi na mbili. Zote usiku nimeandika milango imefungwa. Nilinakili kwenye kitabu cha kiwanda. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kulaza gari mlango wazi. Mimi nimezaliwa Machame, bibi yangu anakamua saa kumi, na sikufikiria!"

"Utalia baadaye. Fungua mlango humo kwenye mchoro wako, uniambie modeli inasema nini."

Hellen alibofya. Walisubiri. Ng'ombe alitafuna. Mzee Eliezeri, asiyejua wanachosubiri, naye alisubiri kwa adabu.

"Jioni themanini," alisoma Hellen. "Saa tisa za kulala, mlango wazi. Alfajiri..." Aligeuza kompyuta ili Shida aone mwenyewe.

Arobaini na nne.

Godbless hakufurahi kama walivyotarajia. Ilikuwa saa nne na nusu, wamesimama tena uani kituoni, na mkuu wa kituo ameshuka kusikiliza.

"Namba ukiitafuta utaipata," alisema Godbless. "Hellen alijua jibu ni arobaini na nne, akachezea mpaka likatoka. Yeye na Hussein ni marafiki. Mimi nimetia sahihi modeli ile. Nimewaambia watu kwamba imepimwa ikapimika. Leo niambiwe gamba la mgomba limeishinda?"

Mkuu alimtazama Shida. "Ana hoja."

"Ana hoja kabisa," alisema Shida. "Jibu lililopatikana baada ya swali kujulikana halinisaidii hata mimi. Basi tutabiri jambo ambalo halijatokea. Hellen, gari lina sitini na moja. Tukiegesha ule mlango kwa saa mbili, litabaki na ngapi?"

Hellen alipiga hesabu kwenye kompyuta, akaandika kwenye kipande cha karatasi, akakikunja.

"Bwana Godbless, na wewe andika. Kama betri ni mbovu na mlango hauna neno, litabaki na ngapi?"

Godbless alisita, akaandika. Mkuu wa kituo alizitia karatasi zote mbili mfukoni mwa shati, akafunga kifungo. Shida alilikunja lile gamba aliloshuka nalo kutoka Uru mara tatu, akalibana penye mpira uliobonyea. Lilikaa kama ufunguo ndani ya kufuli. Konstebo akawekwa kulilinda gari, na saa ikaandikwa kwenye jalada: saa nne na dakika arobaini.

Dakika ya kumi Hellen aliweka sikio kwenye bati, akamwita Shida. Shida aliinama naye. Ndani kabisa, kwa mbali, kulikuwa na mvumo mdogo kama wa nyuki. Gari lilikuwa macho.

Habari ilienea kituoni bila kutangazwa. Mpishi wa kantini alikuja kuchungulia kioo, akarudi kuwatangazia wengine: "Hamsini na tisa!" Baadaye kidogo, "Hamsini na saba!" Askari waliokuwa zamu ya kaunta walianza kupokezana kwenda uani kwa visingizio. Hata Hussein alisikia, maana mpishi kila alipopita dirisha la mahabusu alipaza sauti zaidi kuliko ilivyohitajika, kwa makusudi, na Mungu ambariki kwa hilo.

Godbless alisimama peke yake. Saa tano na nusu alivua koti. Saa sita alikaa kwenye ngazi. Shida alimpelekea kikombe cha chai, akakaa naye.

"Inspekta," alisema mwishowe, "nilikuwa na uhakika."

"Najua. Mtu mbaya asingeweka sahihi yake mbele namna ile. Uliiamini kazi yenu."

"Nilimwamini Hellen na kompyuta. Hussein sikumuuliza hata swali moja. Nilikuja moja kwa moja kwenu."

Saa sita na dakika arobaini mkuu wa kituo alishuka tena. Uani palikuwa pamejaa. Alifungua kifungo cha mfuko polepole, kama mtu anayejua kwamba anatazamwa, akasoma karatasi ya kwanza.

"Bwana Godbless: sitini na moja." Akasoma ya pili. "Binti Hellen: hamsini na tatu." Kisha akainama kwenye kioo cha gari. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Afande, tuambie basi!" alilia mpishi.

"Hamsini na tatu."

Ua mzima ulilipuka. Mpishi alipiga kigelegele kilichowashtua watu waliokuwa wanapita barabarani. Hellen alimkumbatia Shida, nyota za begani zikamkwaruza shavu, hakujali. Konstebo mwenye ufagio aliurusha juu akaudaka.

Mkuu alinyoosha mkono, Shida akampa jalada. Alikagua kwanza maelezo ya muuzaji wa Holili, kisha karatasi zile mbili, kisha akaandika mstari mmoja kwa wino mwekundu. "Betri ni nzima. Hakuna kilichoibwa, kwa hiyo hakuna mwizi. Mleteni."

Hussein alitoka akipepesa macho kwa jua. Alikuwa amelikunja sweta la bluu vizuri, akamrudishia kwa mikono miwili yule konstebo wa usiku, ambaye hakuwa ameenda kulala. Kwenye kaunta alipewa mkanda wake na simu yake. Zile betri nne za Holili aliletewa ndani ya boksi na Inspekta mwenyewe.

"Kamfungie jirani taa," alisema Shida.

Wakati huo bodaboda ilisimama getini, imebeba abiria wawili. Wa kwanza kushuka alikuwa mzee Eliezeri. Akamshusha bibi mmoja mdogo, mweusi, kitenge juu ya kitenge, vidole vimepinda kwa baridi. Mkononi alishika jani refu la kijani, amelifunga fundo katikati. Kila Mchaga aliyekuwapo uani alimpisha njia. Ni isale, jani ambalo mtu akikuletea anakuomba radhi, na huna ruhusa ya kulikataa.

"Ni yupi aliyefungwa kwa sababu ya mikono yangu?" aliuliza Bibi Elisifa.

Hussein alisogea. "Shikamoo, bibi. Lakini wewe huna kosa lolote."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kosa ninalo au sina, umelala sakafuni. Pokea."

Hussein, mtoto wa Kiislamu wa Rau, aliinama akalipokea kwa mikono miwili kama alivyowaona wenyeji wakifanya. Bibi alimshika kichwa, akamtemea baraka kidogo kifuani kwa desturi ya kwao, na watu wakacheka kwa furaha.

Ndipo Godbless alipopita katikati ya watu.

"Bibi," alisema, "aliyemleta hapa ni mimi. Hilo jani nilipaswa kumpa mimi. Niruhusu nilishike nimpe kwa mkono wangu."

Bibi Elisifa alimwangalia kuanzia vile viatu vinavyong'aa mpaka usoni.

"La kwako," alisema, "kalikate mwenyewe."

Godbless aligeuka. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na ua wa masale wa mtu, mrefu, umechanua. Alivuka, akabisha hodi, akasikika akiomba panga kwa sauti ambayo kituo kizima kiliisikia. Hussein aliweka boksi la betri chini, akaegemea ukuta, akamsubiri.